Plagi ya Jirani

Harufu ya petroli mikononi hunirudisha mtaani kwetu Kibuli, asubuhi ile dada yangu alipokuwa akitetemeka kwa homa na gari la baba likakataa kuwaka. Plagi ya mwisho, iliyojificha nyuma ya injini, ilikuwa imekufa, na madukani spea hazikuwepo. Jirani yetu mwanajeshi, ambaye sote tulimwogopa, akaja na plagi aliyoifungua kwenye gari lake. Mama akanivuta nyuma yake. Yule bwana akapenyeza mkono pale pembamba, vidole vikachunika mpaka damu, lakini akaifunga, na gari likawaka.

"Asante, afande," baba alisema.

"Wacha asante, mzee. Peleka mtoto hospitali."

Dada alipona. Tangu siku hiyo, mama kila alipotuombea sisi, alimwombea na jirani yule.