Mahali Tunapovukia

Nilipokuwa Morogoro niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya mtaa. Tulikaa kwenye viti vya plastiki nje ya ofisi ya mtendaji, tukajadili bomba lililopasuka, taka zisizozolewa, na nani kachimba mtaro ukaingiza maji kwa jirani. Wenzangu wengi waliona ni mzigo. Mimi niliipenda kazi ile. Nilipenda kujua mambo yanaamuliwaje, nani kasema neno gani hadi kifusi kikaja kumwagwa barabara hii na si ile.

Nilipokuja Maskati kumtunza bibi mmoja huko Ghubra, tabia hiyo nilikuja nayo. Kila karatasi iliyobandikwa ukutani nilitaka kujua inasema nini. Herufi za Kiarabu nazijua tangu madrasa, nazisoma kwa sauti, ila maana siipati. Tena za matangazo hazina irabu, kwa hiyo hata kuzisoma ni kubahatisha. Basi nikawa nayapiga picha kwa simu, nikirudi nyumbani namsomea Bibi. Yeye hucheka kwanza, kisha hunisahihisha, kisha hunieleza kwa Kiswahili chake cha Unguja, ambako alizaliwa na kukulia kabla ya kuletwa huku akiwa mwari. Sasa alikuwa na miaka themanini na kitu. Mwanawe na mkwewe walikuwa kazini mchana kutwa, na nyumba nzima tulibaki sisi wawili na redio.

Mwaka huo, mwezi wa kumi ulipokaribia kwisha, joto likaanza kulegea. Kwetu ingekuwa ni vuli na mvua zake. Hapa mvua haiji, lakini watu hufungua madirisha, mashine za ubaridi huzimwa, na ghafla unasikia kumbe jirani ana mtoto mchanga. Jioni akina mama hutoka kutembea. Ndipo nilipoliona tangazo kwenye mlango wa bakala, duka la kona tunaponunua mkate na maziwa.

Nikamsomea Bibi. Nilipofika katikati akanizuia.

"Si hivyo. Hiyo ni 'bustani'. Wanasema Jumamosi baada ya alasiri, bustanini, siku ya watu wa mtaa. Michezo ya watoto, watu kupimwa presha, kugawiwa miche. Na watu wa baladiya watakuja."

Baladiya ndiyo manispaa.

"Waje kufanya nini?"

"Kuonesha mipango ya njia za mtaa. Ati wataka maoni."

"Maoni ya nani, Bibi?"

"Ya wakaazi."

"Na mimi ni mkaazi?"

Bibi akanitazama kama niliyemuuliza swali la kitoto. "Wewe walala wapi?"

"Hapa."

"Ehe. Basi."

Kabla ya Jumamosi hiyo ilikuja Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Ijumaa huwa natoka na mwenzangu, Mganda anayefanya kazi nyumba ya pili. Yeye huenda kanisani, maana huku ibada huwa Ijumaa, mimi huenda mtaa wa Hamriya kukutana na watu wa nyumbani na kutafuta dagaa. Tunapanda basi moja, tunaachana kituo cha Ruwi. Kituo cha basi kiko ng'ambo ya barabara kubwa, na barabara ile ina njia tatu za kwenda na tatu za kurudi, na magari hayana subira. Kila anayekwenda kwa miguu huvukia mahali pamoja, karibu na kisanduku cha umeme, kwa sababu hapo ukuta mfupi wa katikati ya barabara una pengo. Hakuna aliyetuambia tuvukie hapo. Mimi mwenyewe nilipofika nilifuata tu miguu ya watu.

Siku hiyo tulipofika njia ya pili, kanda ya ndala ya mwenzangu ilikatika. Akainama kuiokota. Nikaona gari jeupe linakuja, nikamshika mkono nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Dereva akapiga honi ndefu, akapita. Tulifika kwenye pengo tukasimama tunahema, yeye na ndala moja mguuni.

"Dada," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "leo mimi nilikuwa nimekwenda."

Tukacheka, kwa sababu hatukujua la kufanya zaidi ya kucheka. Alikwenda kanisani amevaa kandambili alizonunua dukani njiani.

Bibi sikumwambia. Nilihofu atanikataza kutoka.

Jumamosi nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi bustanini. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Watoto walikimbia ndani ya magunia wakianguka. Wanawake waliuza mikate myembamba wanayoipika hapo hapo juu ya bati la moto, wakiipaka asali na jibini. Muuguzi alimpima Bibi presha, akamsifu, na Bibi akataka nami nipimwe ili tulinganishe. Yangu ilikuwa juu kuliko yake. Alifurahi sana. Tukapewa mche wa rehani kwenye kikopo, Bibi akaupakata huku mimi nasukuma.

Hema la baladiya lilikuwa pembeni, nalo halikuwa na watu wengi. Ndani palikuwa na ramani kubwa ya mtaa wetu juu ya ubao, ya picha iliyopigwa kutoka angani. Bibi alikuwa hajapata kuiona nyumba yake kutoka juu. Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Lile la kijani ni nini juu ya paa letu?"

"Tangi la maji, Bibi."

"Na kile?"

"Nguo nilizoanika."

"Masikini, hata nguo zako zimo!"

Mimi macho yangu yalikuwa yameshakwenda kwenye barabara kubwa. Mistari mipya ilikuwa imechorwa kwa rangi ya manjano: njia ya miguu, miti, na mahali pa kuvukia. Kivuko kilichorwa mbele ya lango la duka kubwa. Nikakitazama, nikahesabu nyumba kutoka kisanduku cha umeme, nikarudia kuhesabu. Halafu nikamnong'oneza Bibi, kwa Kiswahili, nikiamini hapo hakuna mwingine anayenielewa:

"Hapa walipochora hakuna mtu anayevukia. Dukani pale watu wanakuja na magari."

Kijana mmoja wa Kiomani mwenye kitambulisho shingoni, ambaye muda wote alikuwa amesimama nyuma yetu, akasema, "Mnavukia wapi?"

Kwa Kiswahili. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi yeye aligeuka taratibu kwa furaha, kama mtu aliyepata mgeni.

"Wewe wa nani?"

Wakamalizana kwanza mambo ya ukoo. Mama yake alizaliwa Pemba. Kiswahili anakisikia vizuri, kukisema kinampa tabu, alisema, na kweli kila sentensi aliianza kwa Kiswahili akaimalizia kwa Kiarabu. Alikuwa mhandisi. Michoro ile, akaeleza, Bibi akinitafsiria, ilikuwa ni rasimu tu, ndiyo maana imeletwa ili watu waitazame. Kisha akanigeukia.

"Mama, mnavukia wapi? Na ni nani wanaovuka?"

Nikamtazama Bibi. Bibi akaniinulia nyusi. Nikasema, "Sisi wa kazi za majumbani. Na mafundi, na walinzi. Asubuhi kila siku, lakini Ijumaa ndiyo wengi."

"Onesha," akasema, akanipa penseli.

Sikuizoea ramani ile. Kwetu tulikuwa tunaeleza mambo kwa maneno: pale kwa fundi baiskeli, pale penye bomba. Nilianzia nyumbani kwa Bibi, nikaufuata mtaa kwa kidole, nikapita msikiti, nikafika kisanduku cha umeme, kilichoonekana kama punje ya mchele. Nikaweka nukta. Ndogo sana, kwa woga.

"Ikoleze," Bibi akasema. "Wataka waione au waitafute?"

Nikaikoleza. Bibi akaniuliza, bila kunitazama, "Na hapo pana salama?"

Ndipo nikasema habari ya ndala. Niliisema kwa kifupi. Mhandisi aliandika kwenye daftari lake, akachukua namba ya simu ya nyumbani, akasema hawezi kuahidi, ila atakuja apaone.

Tulipokaribia lango tukirudi, Bibi aliniashiria nisimamishe kiti. Kisha akasema, "Kila Ijumaa nakwambia nenda salama. Sikujua nilikuwa nasema nini."

Siku chache zilipita. Asubuhi moja mwanawe Bibi alikuja jikoni ameshika simu, uso wake una maswali.

"Watu wa baladiya wanakuulizia wewe. Umefanya nini?"

Ukiwa ugenini, ofisi ya serikali ikikuulizia, cha kwanza unachofikiria ni makaratasi yako. Nilianza kujieleza ovyo, ndala, penseli, nukta, naye akazidi kutoelewa. Bibi akapaza sauti kutoka chumbani kwake:

"Mwache aende! Yule ni mtoto wa Wapemba, ataka kuoneshwa njia!"

Nilikwenda na mwenzangu wa Uganda, kwa sababu niliona ni haki yake kuliko yangu. Mhandisi alikuwa amefika kabla yetu, amesimama karibu na kisanduku cha umeme, anatazama chini. Palikuwa na mstari kwenye changarawe, mwembamba, umelainishwa na miguu, unatoka kwenye nyumba kwenda barabarani bila kupinda. Alichuchumaa akaugusa.

"Napita hapa kwa gari kila siku," akasema. "Huu mstari sijapata kuuona."

Kisha akasema anataka kuvuka nasi. Mwenzangu akanitazama kuuliza kama ni mzaha. Haikuwa mzaha. Alikunja kanzu yake juu kidogo, akasubiri, tukaondoka pamoja. Katikati kwenye pengo alisimama nasi, magari yakipita mbele na nyuma, upepo wake ukimvuta nguo. Niliona anatazama kule barabara inakopinda, akatazama tena, akatoa simu akapiga picha kuelekea kule.

Tulipofika ng'ambo aliniuliza, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, nilijifunzia wapi mambo ya mipango. Nikamwambia nilikuwa mjumbe wa mtaa kwetu, na nilishughulika zaidi na mitaro. Akataka kujua mjumbe anachaguliwaje, analipwa au la, na watu wakimkataa inakuwaje. Mimi nami nikamwuliza ya kwao: baraza lao linakaa wapi, linakaa mara ngapi, mwanamke anaweza kuwemo? Anaweza, akasema, na wamo. Tulisimama pale kwenye kituo cha basi hadi mwenzangu akachoka, akaniambia kwamba bosi wake anasubiri chai.

Baada ya hapo, kimya. Novemba ikapita, Desemba ikapita. Mche wetu wa rehani ulikufa, nikapanda mwingine. Kila nilipopita bakala nilitazama mlango. Bibi aliuliza kila Ijumaa jioni, "Wameanza?" nami nikajibu bado. Nilikwishaanza kuamini kwamba nukta yangu imefutwa pamoja na nukta nyingine, kama ilivyokuwa ikitokea hata kwetu.

Mwezi wa pili zikawekwa koni za rangi ya chungwa. Nilikimbia kutazama, na nilichokiona kilinikera. Hawakuweka kivuko mbele ya duka, lakini hawakukiweka kwenye nukta yangu pia. Kilikuwa hatua kama arobaini mbele, upande wa mzunguko wa magari. Nikasimama pale nimejaa hasira, nikitunga maneno ya kumwambia mhandisi. Kisha nikageuka kutazama magari yanakotoka. Kutoka pale ulikuwa unayaona mapema, yote, hadi mbali. Kutoka kwenye pengo letu la zamani kona ilikuwa inayaficha. Ndiyo ile kona mhandisi aliyokuwa anaipiga picha.

Ijumaa ya kwanza baada ya rangi kukauka na matuta kujengwa, tulisimama ukingoni, mimi na mwenzangu, na gari likasimama. Hatukwenda. Tulidhani lina shida. Dereva akatupungia mkono, tukatazamana, akapunga tena. Mwenzangu ndiye aliyethubutu kwanza. Alivuka akitembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, na alipofika katikati akageuka kuona kama nakuja.

Bibi naye alitaka kuvuka. Nilimpeleka Jumanne moja asubuhi, jua bado halijawa kali. Kiti alikikataa; alisema kama ni kubebwa angebaki nyumbani. Alishika fimbo mkono mmoja, bega langu mkono mwingine, na magari yakajipanga kutusubiri. Gari la tatu likapiga honi. Bibi akasimama palepale katikati ya mistari, akamtafuta dereva kwa macho, akamwinulia fimbo kumsalimu. Honi haikulia tena.

Ng'ambo, nyuma ya kituo cha basi, kuna safu ya maduka madogo ambayo Bibi alikuwa akiyapita kwa gari bila kushuka. Akasoma vibao kimoja kimoja kwa sauti: dobi, kinyozi, funguo. Mbele ya duka la ushonaji akasimama.

"Hili jina nalijua," akasema. "Huyu si ndo fundi anayenishonea? Dereva wa mwanangu ndo hupeleka vitambaa."

Tukaingia. Fundi alikuwa Mhindi mzee mwenye futi ya kupimia shingoni. Alimtazama Bibi, akatazama gauni alilovaa, akaitambua kazi yake kabla ya kumtambua mtu. Akavuta kiti akakipangusa. Bibi akaketi, akashika ukosi wa gauni lake, na kwa Kiarabu akaanza kumweleza jinsi ukosi ule unavyombana upande wa kushoto, na kwamba alikuwa akingoja miaka mingi apate kumwambia.