Mwosha madirisha wa Kisii na lango analoshindwa kubisha hodi

Saa tatu asubuhi ukungu bado umetanda mtaa wa Mwembe, mjini Kisii, na Haron Masese amesimama barabarani akikodolea macho nyumba za watu bila haya. Ngazi iko begani, ndoo mkononi, na tambara limening'inia shingoni. Watoto wanaokwenda dukani wanamwamkia, naye anaitikia bila kugeuza shingo.

Hatazami nyumba. Anatazama mapazia.

"Hii wamefungua mpaka mwisho," anasema akinyoosha kidevu kuelekea lango la kijani. "Mwenyewe ameamka na hana vita na mtu. Ile ya pili imefungwa na jua limetoka. Hapo usibishe. Pazia likifungwa mchana, umeshaambiwa nenda."

Anasogea kwenye lango la kijani. "Hodi! Hodi hapa!" Kisha anarudi nyuma kidogo na kushusha ngazi, ili aliye ndani amwone vizuri, asidhani ni mwizi aliyekosa adabu.

Mama mmoja anatoka na mwiko mkononi. "Ni nani?"

"Ni mzee wa madirisha, mama. Nakuoshea kioo moja ya bure. Ukipenda tuongee. Usipopenda, basi nimekusalimia tu."

"Bure kabisa?"

"Ile moja ni bure. Ya pili iko na bei."

Mama anacheka, na hapo kazi imeshaanza. Mzee Masese analowesha kioo, anakisugua kwa povu, anakipitishia kifutio cha mpira kutoka juu hadi chini, halafu anamalizia kwa gazeti kuukuu. Mimi mwandishi ninayemfuata nageuza uso nisione kama ni toleo la gazeti letu.

Akimaliza, anaweka ndoo chini na kunyamaza. Hilo ndilo neno lake la biashara, kunyamaza. Kando ya kioo kimoja kinachong'aa, vingine vinaonekana kama vimepakwa udongo wa shamba la chai. Mama anatazama huku, anatazama kule, anashusha mwiko.

"Haya basi, maliza zote."

Mzee Masese, mwenye umri wa miaka 59, anaishi Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii. Kila dirisha ni shilingi 50, na siku njema anarudi nyumbani na shilingi 900. Siku njema si nyingi. Mvua ya Kisii haina miadi, hunyesha karibu kila alasiri, na mtu aliyeoshewa madirisha asubuhi akayaona yamerushiwa matope jioni, kesho hataki hata kukusikia.

Kazi hii aliisomea Nairobi akining'inia kwa kamba kwenye maghorofa. Kampuni iliyomwajiri ilipokosa kandarasi mwaka 2012, alifunga virago akarudi kwao. Kisii ya wakati huo haikumwelewa.

"Waliniuliza, wewe huna bibi nyumbani? Mwanaume mzima na tambara!" anakumbuka akicheka. "Nikasema bibi niko naye, na yeye ndiye amenituma."

Mkewe, marehemu Nyanchoka, ndiye aliyemshauri aache kungoja kuitwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka wateja sharti abishe. Akaanza na mji, akaenda Marani, hatimaye akavuka hadi Nyamira, ambako watu wanaofanya kazi mbali wamejenga nyumba kubwa juu ya vilima katikati ya chai.

"Kule unabisha mlango unafunguliwa na mlinzi na mbwa wawili," anasema. "Nyumba iko na vioo kila mahali na hakuna mtu wa kuchungulia. Naosha tu, halafu najiuliza, huyu amemwekea nani mwanga?"

Ukimsikiliza akisimulia namna anavyojua mlango wa kufunguka na mlango wa kubaki umefungwa, utadhani hakuna lango linaloweza kumshinda. Lipo moja. Liko Nyanchwa, mwendo wa dakika chache kutoka hapa tulipo. Ni lango la bluu, na nyumba ni ya mwanawe wa kwanza, Mogire.

Ili mtu aelewe lazima ajue chinsoni. Kwa Abagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si ugomvi wala si dharau. Ni heshima, ile haya njema inayoweka mpaka kati ya mzazi na ndoa ya mtoto wake. Baba akija, hukaa uani, akaletewa kiti na chai, wakazungumza mpaka jua likachwa. Siku hizi wako wanaoipuuza. Mzee Masese si mmoja wao. Na chumba cha kulala cha mwana na mkewe ndicho kabisa, hata jicho la baba halifai kufika huko.

Mwaka 2019 Mogire alikuwa ameoa karibuni. Mkewe, Cynthia, alizaliwa na kukulia Machakos. Katika mazungumzo yetu yote Mzee Masese hakuwahi kulitaja jina hilo yeye mwenyewe. Kwake ni mama Natasha, kwa jina la mjukuu.

Siku moja mzee alikuwa ametoka kazini, akaona si vibaya apite kumwamkia mkamwana. Mogire hakuwapo. Cynthia alitoka mbio kwa furaha akiwa na majirani wawili, aliokuwa akiwasimulia habari za baba mkwe wake.

"Akasema, 'Baba, karibu ndani! Na vile umekuja na ngazi, anza na dirisha ya chumba chetu cha kulala, ndiyo chafu zaidi,'" anasimulia Mzee Masese, na sauti yake inashuka. "Mbele ya watu. Mimi nilihisi damu yote imepanda kwa uso. Nikageuka. Sikusema hata neno moja. Ngazi ikagonga lango, kelele ikasikika mtaa mzima."

Chai ilikuwa imeshamiminwa.

"Yeye alikuwa ananipa heshima," anasema. "Alikuwa anawaonyesha majirani kwamba haoni aibu na kazi yangu. Hiyo sikuiona siku hiyo. Niliona dirisha tu."

Ungesema, si angemweleza tu? Lakini baba mkwe hawezi kusimama mbele ya mkamwana akaanza kuzungumzia chumba chake cha kulala, hata kama ni kumweleza kwa nini hawezi kukizungumzia. Hiyo ilikuwa kazi ya mama mkwe. Nyanchoka aliahidi kwenda. Akaugua, na kabla ya mwaka kwisha akazikwa.

Alibaki Mogire. Nilimpigia simu.

"Niliona haya," alisema. "Tulikuwa tumeoana juzi tu, na ningeanza kumwambia hapa kwetu baba haingii, angeona nimemleta kwa watu wagumu. Nikasema atazoea. Mwaka ukaenda, mwingine ukaenda, ikawa sasa huwezi kuanza."

Hivyo wanakutana kanisani tu, siku ya Sabato. Cynthia humwamkia kwa adabu, macho chini, kisha husogea. Natasha, ambaye sasa ana miaka sita, hana habari ya mipaka ya watu wazima. Humkimbilia babu yake na kumning'inia mkononi.

"Juzi ameniuliza, 'Sokoro, mbona wewe hukuji kwetu?'" anasema Mzee Masese. Sokoro ni babu. "Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi niko na wote wawili."

Anacheka peke yake, halafu hacheki tena.

Mpaka Machi mwaka huu aliamini kwamba Cynthia amemkasirikia, na kwamba amemkasirikia kwa haki. Kisha akabisha kwa Purity, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi hapa hapa Mwembe. Mlango ulifunguliwa kwa hodi ya kwanza. Akaosha nyumba nzima.

Purity anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Alipomaliza nikamwambia, kweli Cynthia hakunidanganya," anasimulia. "Akaniuliza, Cynthia gani? Nikamwambia ni yule wa Nyanchwa, mama Natasha. Yeye ndiye hutuambia tukisikia mzee wa ngazi anabisha tufungue, kwamba Kisii yote hakuna anayemshinda. Ametuma watu wengi kwake. Lakini alisema kwake huyu mzee hatakangi kuosha. Pengine nyumba yake ameiona si ya kiwango."

Purity hakujua kwamba anazungumza na baba mkwe wa rafiki yake. Cynthia hakuwahi kumwambia. "Nilishtuka nikimwona mzee ameketi juu ya ndoo," anasema.

Mzee Masese alikaa pale akiirudia milango yote kichwani. Ule mtaa wa Jogoo ambako kila mtu alifungua kama aliyekuwa akimngoja. Yule daktari aliyemwita hata kabla hajashusha ngazi. Wale akina mama wa kwaya ambao hawakuwahi kubishana bei.

"Nilikuwa nikijisifu," anasema. "Nilikuwa naambia watu mkono wangu uko na bahati, nikibisha panafunguka. Kumbe alikuwa ametangulia yeye. Miaka yote hiyo mama Natasha ananifungulia milango ya watu, na mimi ya kwake nimeipita kama ya adui."

Inauma kumsikiliza. Tuko ukutani mwa nyumba ya mteja, tambara linachuruzika maji kwenye kiatu chake, naye haoni.

Kuna jambo lingine linalomkosesha usingizi. Mogire amepewa uhamisho kwenda Kitale, na mwisho wa mwezi huu lori linakuja kubeba vyombo. Nyumba ya Nyanchwa ni ya kupanga. Wakiondoka, hata lile lango la bluu halitakuwa lao tena, na Natasha atakulia huko akijua kwamba babu yake hakuwahi kufika kwao.

Amejaribu. Alipozungumza na Mogire, mwanawe alimjibu, "Baba, hayo yalipita." Wiki iliyopita alikwenda mwenyewe. Alifika hadi kona, akaliona lango, akashusha ngazi, akajifanya anafunga kamba za viatu. Kisha akaibeba ngazi yake akarudi Mosocho.

"Mimi naweza kubisha kwa mtu sijawahi kumwona, mbwa wanabweka, na sitetemeki," anasema. "Pale hodi ilinishinda. Ningesema nini?"

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari zake nilitarajia akatae. Badala yake aliniuliza kama watu wa Nyanchwa husoma gazeti letu. Nikamwambia wapo wanaosoma.

"Basi andika yote. Jambo kama hili haliendi kwa mdomo wa baba mkwe. Linatumiwa mtu. Nyanchoka angekuwa hai, ningemtuma yeye. Sasa wewe ndiye nimekutuma."

Mimi ni mwandishi wa habari na sijawahi kutumwa hivi. Lakini ujumbe huu sina namna ya kuukataa, na ninaufikisha kama nilivyopewa.

Mama Natasha, baba mkwe wako anasema nyumba yako hana neno nayo. Siku ile hakuondoka kwa dharau bali kwa haya, na aliyekosea kwa kunyamaza ni yeye. Jumapili hii asubuhi, kabla ya mvua, anataka kuja kuosha madirisha yako yote, na hata lile la chumbani. Ndani haingii. Atakaa juu ya ngazi yake, upande wa nje, na anakuomba wewe uoshe upande wa ndani.

"Kioo ni pande mbili," ananieleza, akikamua tambara. "Ukiosha ya nje peke yake, ile doa ya ndani bado inaonekana. Sisi tuoshe, halafu anitolee kiti hapo nje, na chai. Ile chai ya siku ile sikuionja."

Lakini jicho la baba litafanyaje mbele ya dirisha la chumba cha kulala?

"Mwandikie afunge mapazia. Yakifungwa, jicho halivuki, na mimi nitajua amesoma na ameelewa."

Mama wa nyumba anamlipa. Mzee Masese anashukuru, anapachika ngazi begani na kuanza kuteremka mtaa. Anaipita ile nyumba ya pili, ambayo mapazia yake bado yamefungwa, bila kusimama.

"Miaka yote hii nikiona pazia limefungwa najua nimefukuzwa," anasema. "Jumapili naomba nifike Nyanchwa niyakute yamefungwa yote. Hapo nitabisha."