Kiti cha Bi Chemchemi

Bibi yangu ni fundi cherehani. Anashona mashati ya shule, na kola yake hairudiwi. Lakini pale karakana wanamwita Bi Chemchemi, maana mkojo unamtoka. Akipiga chafya, umetoka. Akinyanyua jora, umetoka. Tajiri alimnyang'anya kiti cha godoro akampa cha plastiki. Juzi ukafika kwenye kitambaa cheupe, tajiri akamwambia mbele ya watu, "Mama, kajitengeneze. Ukilowesha tena, cherehani nampa mwingine."

Bibi akaacha kunywa maji. Midomo ikapasuka, na bado ukatoka. Nikampeleka hospitali.

Dada wa ultrasaundi akampa chupa ya maji. "Kunywa, usiende chooni. Kibofu kikijaa ndiyo tutaona misuli inayokishikilia."

Bibi akanitazama mimi mjukuu wake, akaanza utani wake. "Mume wangu, umenileta nikawaoshee watu sakafu."

Akanywa. Foleni haisogei. Akakohoa mara moja tu, gauni likalowa. Mama wa pembeni akavuta mkoba wake, akahama benchi. Nikavua shati nikamfunga kiunoni.

"Sasa shati lako likilowa watasema ni wewe," akanong'ona.

Tulipoitwa akanivuta. "Ingia. Mume gani anabaki nje?" Nikasimama kichwani kwake, macho kwenye skrini. Dada akampaka jeli tumboni, akapitisha kile kifaa. Likatokea doa jeusi: kibofu, na mkojo uliobaki ndani.

"Bana, kama unazuia mkojo."

Doa likashuka.

"Unasukuma, mama. Nimesema bana."

"Si ndiyo nabana? Miaka yote nabana hivi."

"Basi miaka yote unautoa mwenyewe. Nani alikufundisha?"

Bibi akawaza. "Wakunga wenu. Kila nikizaa wananichapa mapaja, sukuma, sukuma. Hakuna aliyerudi kuniambia niache."

Dada akamwelekeza taratibu: toa pumzi, vuta kule chini kwenda juu, tumbo liache. Bure. Akarudia. Doa likapanda, upana wa ukucha hivi.

"Hiyo hapo. Misuli haijafa. Fanya kila siku, miezi michache utaona tofauti."

"Miezi," bibi akasema. "Tajiri ananisubiri kesho."

Kesho yake akakaa kwenye plastiki, anashona huku anavuta juu. Mwenyewe alinisimulia. Asubuhi nzima pakavu. Mchana fundi wa jirani akainama chini ya meza yake, akapapasa sakafu, akainuka na sura ya msiba: "Jamani, chemchemi imekauka. Tutafulia wapi?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Na bibi yangu, anavyopenda utani, akacheka kuliko wote.

Nilimkuta nyumbani amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkasi wake mapajani.

"Nilikuwa nimeshika vizuri kabisa," akasema. "Kicheko kilipokuja nikasukuma."

Cherehani kapewa yule yule aliyemchekesha. Na kiti cha godoro.