Kisa cha "Ndoo Haijai" Nilichokisimulia Kwenye Sendoff

Bibi harusi alipoambiwa na MC amtafute mchumba wake kati ya wageni, alimpita mchumba, akaenda moja kwa moja kusimama mbele ya mpiga kinanda, na aliyesababisha ni mimi. Aibu hiyo naikubali, ila naomba niieleze kwa mpangilio, maana hapa Babati inasimuliwa vibaya, wengine wanasema nilikuwa nimelewa (nilikuwa na soda).

Mimi ni mtangazaji wa redio, nina kipindi cha kueleza nyimbo zilivyotungwa, na siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimemhoji Paskali wa Bagara, aliyetunga "Ndoo Haijai", ule wimbo ambao msimu huu kila harusi inaupiga na kila bajaji inao. Watu wanadhani unazungumzia baraka za ndoa. Paskali alinieleza kwamba ni ndoo kweli, ya plastiki: alikuwa akichota maji kwenye nyumba ya jirani yenye bomba, na binti wa pale ndiye aliyekuwa anafungua koki, basi yeye akishajaziwa anazunguka nyuma ya mashine ya kusaga, anamwaga maji yote, anarudi kupanga foleni upya. Hata ile ngoma ya mwanzo si ngoma, ni ndoo hiyo hiyo, aliirekodi chumbani kwake akiwa ameegemeza magodoro ukutani ili kelele za mashine zisiingie. Nikamuuliza huyo binti ni nani, akacheka, akasema ameshachumbiwa, tuyaache. Mwandishi wa habari mwenye akili angeuliza amechumbiwa na nani. Mimi niliridhika.

Jumamosi ikafika sendoff, sherehe ya kumuaga binti kwao, ya Neema, mchumba wa rafiki yangu Emanueli tuliyekua naye Sigino. Mnajua utaratibu: mwanaume anakaa amejichanganya na wageni, binti anaingia na matroni wake, anapita meza kwa meza kumtafuta huku muziki unapigwa. Wimbo uliochaguliwa ulikuwa huo huo, na kamati ilikuwa imemkodi Paskali mwenyewe aje aupige. Binti akachelewa saluni, MC akaishiwa vichekesho, akaniona, akaniletea kipaza sauti nisalimie wageni.

Ningesalimia tu, nikaketi. Badala yake nikasema, ngojeni niwape na kisa cha wimbo tutakaousikia.

Nilisimulia vizuri, hilo sitaficha. Nilipofika kwenye nyumba yenye bomba karibu na mashine ya kusaga, meza za mbele ziliacha kutafuna, nami nikadhani wamenogewa, nikaongeza chumvi, nikaigiza mpaka kijana anavyonyata kwenda kumwaga maji. Paskali alikuwa ameinamia kinanda kama mtu aliyedondosha kitu. Ndipo mama mmoja wa Bagara akasema, wala si kwa sauti ya chini, "Si kwa Mama Neema hapo?"

Mwenzake akamjibu, "Kumbe ndiyo maana foleni ilikuwa haiishi."

MC alininyang'anya kipaza sauti, akatangaza kwamba bibi harusi yuko mlangoni. Alikuwepo mlangoni muda mrefu, chini ya spika. Paskali akaanza kupiga wimbo (angefanyaje, ndiyo kazi aliyoitiwa), Neema akaingia, akaipita meza ya Emanueli, ambaye alishaanza kunyanyuka akitabasamu, akabaki hivyo hivyo, nusu amesimama nusu ameketi. Kwenye kinanda Neema alisimama, na maneno yake yote yaliingia kwenye maiki ya kuimbia.

"Paskali, sasa si ungesema?"

"Foleni ilikuwa ndefu."

Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa meza mbili. Neema naye alicheka mpaka matroni akamfuta macho, na kama yalikuwa machozi ya kicheko au ya kitu kingine sikuweza kuona nilipokuwa. Kisha akageuka, akarudi kwa Emanueli, akamshika mkono, akaenda naye mbele bila kumwachia.

Nilikuwa natafuta mlango Mama Neema aliponifikia. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, baba," akasema taratibu. "Redio yako imeshafungwa, au bado ina habari nyingine za nyumbani kwangu?"

Niliondoka kabla ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, haijakatwa.

Ndoa ilifungwa wiki iliyofuata, nikakaa benchi la nyuma kabisa, na tangu hapo nimeapa kwamba nikipewa kipaza sauti kwenye sherehe yoyote nitataja jina langu na kuketi. Na Emanueli tunasalimiana vizuri, hajawahi kuligusa jambo lile. Ila juzi nilimpigia simu, na nilipokuwa nasubiri apokee, badala ya mlio wa kawaida nikasikia "Ndoo Haijai" ukiimbwa tangu mwanzo. Kwa namba ya Emanueli. Kuuliza maswali ndiyo kazi inayonilisha, lakini alipopokea nilimuuliza habari za mvua, na mpaka sasa sijui kama ni yeye aliyeuweka au ni mke wake.