Kengele Niliyompigia Mama Feza

Bado naikumbuka siku ile, mwanangu, na nikiikumbuka siwezi kukaa. Tazama, nimeshasimama. Nisikilize hivyo hivyo huku nikizunguka ua, maana tangu uliponiambia umenunua baiskeli miguu yangu haitulii.

Nilikuwa kijana wa kazi kwa Mzungu mmoja hapa Kindu, miaka ile ambayo vita vya Waungwana, wale Waarabu na watu wao, vilikuwa vimekwisha juzi tu na reli haijafika. Mzungu yule aliletewa baiskeli kutoka kwao, ikapanda mto vipande vipande. Kazi yangu ilikuwa kuifuta na kuitia mafuta. Kuifuta hakukunitosha. Mwenyewe alipolazwa na homa, nikajifunza kuipanda nyuma ya ghala; nikaanguka weee, mpaka nikaweza. Mzee Kalonda, nyampara aliyeuongoza mtaa wetu, aliniona, akanikataza kuipeleka njiani mpaka watu waizoee. Nikamwitikia kwa adabu, moyoni nikamcheka.

Siku ya soko nikaitoa. Njia ya kwenda mtoni ilikuwa nyembamba, majani marefu huku na huku, tena yenye mteremko. Mbele yangu alitembea Mama Feza, jirani yetu, mtungi wa mawese kichwani, amenipa mgongo. Nikapiga kengele. Akasimama katikati ya njia. Nikapiga tena kwa nguvu, akazidi kukauka, hata shingo hakugeuza. Nilikasirika, mwanangu. Nilidhani ananidharau. Ningeweza kujitupa majanini, nikaumia mimi peke yangu. Badala yake niliendelea kupiga kengele mpaka nikamvaa.

Mtungi ulivunjika, na mguu wake pia, chini ya goti. Mawese na damu vilichanganyika, nisijue kipi ni kipi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye ambaye sikusikia, na guu lililovunjika ni la mwenzangu.

Watu wakajaa. Wengine waliikamata baiskeli waitupe mtoni, wengine wakanikamata mimi. Nikalia kwamba nilimpigia kengele, kwamba amekataa kupisha makusudi. Mzee Kalonda akafika, akawanyamazisha, akaniuliza, kana kwamba hanijui, mimi ni mtoto wa wapi.

"Kwetu hapa, kengele njo ya mbwa wa kuwinda, anaivaa ku shingo," akasema. "Muntu akiisikia anasimama, hatikisike, wawindaji wasimuchome mukuki. Huyu mama alifanya vile tulimufundisha tangu mutoto. Wewe njo ulimuambia asimame, kisha ukamupiga."

Na desturi hiyo niliijua. Nilikulia humo humo, nami nimewahi kusimama hivyo mara ngapi. Nilipokaa juu ya chuma cha watu nikaisahau kama mgeni. Hilo lilinichoma, na hata leo linanichoma.

Kisha mzee akawageukia walionishika. Akawaambia waiweke baiskeli chini, njia haina mwenyewe, na mtu wa magurudumu ana haki ya kupita sawa na wa miguu. Atakayemsukuma au kumtegea gogo atajibu kwake. Ila mwenye mbio, alisema, ndiye wa kungoja. Nami akaniamuru nibebe kila mzigo wa Mama Feza mpaka atakapotembea mwenyewe.

Nikabeba. Maji, kuni, mihogo, mawese mpaka sokoni, vijana wenzangu wakinitania kwamba nimeolewa. Kila asubuhi nilimwuliza mganga wa mifupa, je, atatembea? Naye alinituma kuni tu. Kitako hakikukalika. Mwishowe akatembea, lakini akichechemea. Nikamwomba radhi, akanipa, na ndizi akaniongeza. Hata hivyo, tangu siku ile hadi tulipomzika, Mama Feza akisikia chochote nyuma yake, hata mbuzi, alitoka njiani akaingia majanini. Njia ilikuwa yake kama ilivyokuwa yangu. Nilimnyang'anya, na hukumu ya mzee haikuweza kumrudishia.

Basi, mwanangu, panda baiskeli yako. Dereva wa lori asikudanganye kwamba barabara ni ya baba yake. Shika upande wako, na akikugonga usinyamaze, nenda ukamshitaki. Lakini ukimkuta mwenye mzigo kichwani, au mtoto, au kikongwe mwenye wasiwasi kama mimi, punguza mwendo mapema. Asipopisha, usikae ukapima nani ana haki. Huenda kuna jambo analolijua yeye, usilolijua wewe. Shuka, sukuma, ukishampita panda tena. Kuchelewa kunasameheka. Mguu wa mtu hauna badala.

Haya, nenda. Mungu akutangulie na akufuate nyuma. Akupe breki zinazoshika, na moyo unaoshika kabla ya breki. Ufike salama uendako, na kila uliyempita njiani naye afike kwake.