Laana Yangu Kinywani mwa Mwingine

Mnisamehe mwandiko huu na makosa ya herufi. Nilisoma shule ya msingi tu na ninaandika polepole, lakini sitaki mtu mwingine aniandikie jambo hili.

Mwaka jana niliingia kundi la tamthilia linalofanya mazoezi katika ukumbi wa parokia yetu, hapa Lubumbashi. Tulijifunza mchezo wa kale wa Kifaransa, wote mashairi. Nilipewa nafasi ya binti wa mfalme. Anasimama mbele ya baba yake na kumlaani, kwa sababu baba huyo amemtoa mwanawe wa kiume auawe.

Mimi ni mtu wa haya. Mbele ya watu wakubwa sauti yangu hukauka. Lakini mashairi yale yalinifungua. Kila mstari una silabi kumi na mbili: sita, unavuta pumzi, sita tena. Niliyajifunza shambani kwetu Kasungami, pembeni mwa mji, nikilima, mapigo sita ya jembe, pumzi, mapigo sita. Aliyecheza mfalme, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alinisomea maneno baada ya Misa mpaka yakakaa kichwani.

Kosa langu lilikuwa magoti. Kwetu mtoto hasemi na mzee akiwa amesimama wima, amemkazia macho. Kila nilipofika kwenye laana, magoti yalikunjika yenyewe, na mkono wa kushoto ukashika kiwiko cha kulia, kama vile ninampa mzee maji.

"Weye unamulaani ao unamuomba chumvi?" mwenzangu mmoja aliuliza, wote wakacheka.

"Ule ni mufalme, haiko papa yako," alisema mwalimu aliyetufundisha mchezo.

Mzee ndiye aliyenisaidia. "Mama, hapa juu miye siko mukubwa yako. Unitukane. Tukishuka utanisalimia."

Siku moja nikaweza. Nilimtazama, nikasema laana yote, goti halikukunjika. Mzee alirudi nyuma, kisha akasema, "Aa, huyu mutoto ananiogopesha kweli." Mwalimu alikuwapo. Aliona.

Onyesho lilipokaribia, mwalimu akaja na mwanafunzi wa chuo kikuu, msichana wa Kifaransa laini.

"Huyu atafanya binti," aliniambia. "Weye unakunja magoti. Ni desturi yenu, haiko kosa yako."

"Mwalimu, alishaacha magoti," mzee alisema.

"Papa, bageni batakuya. Batasikia namna anasema."

Basi, hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe: Kifaransa changu. Halafu akanigeukia mimi: "Weye unajua yote. Utakaa nyuma ya pazia, umukumbushe mwenzako akisahau."

Siku ya onyesho nikakaa nyuma ya pazia. Msichana alisema mistari michache ya laana, akakwama. Nikamnong'oneza mstari, akausema. Nikamnong'oneza mwingine, akausema, na pumzi ya katikati akairuka kila mara. Laana yote iliyobaki ilitoka kwangu. Wageni wakasimama, wakampigia makofi yeye.

Mwalimu akaja nyuma ya pazia akicheka. "Mama, umetuokoa."

"Onyesho la pili ni langu?" nikamuuliza.

"Tutaona."

"Apana, mwalimu. Sema sasa."

Watu waliokuwa wanavua mavazi wakageuka kututazama. Yeye akaanza kukunja kamba ya pazia, ambayo haikuhitaji kukunjwa.

"Kama ni Kifaransa changu, sema ni Kifaransa," nikamwambia. "Usiseme ni desturi yetu."

"Weye unakuwa na kiburi sasa," alisema. "Njo maana haiko nafasi yako."

Nikaondoka. Onyesho la pili lilipofika, mzee alituma mtu kuniomba nikanong'oneze tena. Nilimheshimu mzee, lakini nilikataa. Mistari ile bado ninayo yote, na hasira yangu haijapoa.

Ninyi mnaosoma, kama mnajua kundi linalocheza michezo ya mashairi na linaloweza kumsikiliza mtu wa Kasungami anavyosema, niandikieni. Hata kama mnaona mwalimu alikuwa na haki, niandikieni, mnieleze ni haki gani.