Nchi Waliyosema Haina Mtu

Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, nimeshazika mume na watoto wawili. Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, katika darasa la gumbaru lililofanyika kanisani huku kwetu Magunga. Tuliingia saa kumi jioni, mikono bado ina udongo. Mwalimu wetu alikuwa katekista mzee asiyekuwa na haraka. Sikwenda kutafuta elimu. Nilikwenda kwa sababu ya karatasi moja.

Baba mkwe wangu alikuwa na boma lake chini bondeni. Nilipoolewa pale, ugonjwa wa malale ulikuwa umeanza kuua watu, na serikali ya Mwingereza ikaamuru kila mtu ahamie mlimani, mbali na mbung'o. Karani alikuja na karatasi. Akatusomea kwa Kijaluo kwamba mbung'o wakiisha tutarudi. Baba mkwe akaweka kidole gumba, tukabeba vyungu, tukapanda.

Nyumba hatukuzibomoa. Kwetu boma likiachwa huitwa gunda, na gunda si mahali patupu. Halina watu, lakini lina wenyewe. Waliozikwa pale wanalishika, na mtu wa ukoo mwingine hathubutu kutia jembe. Hata magugu yakifika kifuani, kila mtu anajua ni la nani. Kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi. Karatasi ilitoka kwa baba mkwe ikaja kwa mume wangu, na mume wangu alipokufa ikaja kwangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuisoma.

Sasa ikasikika kwamba bonde limepigwa dawa, na serikali yetu wenyewe inawaandikia watu mashamba huko. Nilikuwa nimebaki na wana wawili na kipande cha mawe mlimani ambacho hakikutosha hata mtama wa mtu mmoja. Nisipolipata gunda, wale watoto watalima wapi? Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu.

Nilimpelekea mwalimu karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza. Aliisoma, akairudia, akavua miwani.

"Mama, hii haisemi mtarudi. Inasema mmeondoka kwa hiari yenu, na ya kwamba ardhi hiyo ni ya Mfalme."

"Mfalme gani? Alifika lini bondeni?"

Hakunijibu mimi peke yangu. Aligeukia darasa zima, akaacha herufi siku hiyo. Alisema wafalme wa Uingereza wana kazi hiyo tangu zamani. Mfalme anakaa kwake, anaandika barua, anampa mtu wake mwenye merikebu. Barua inasema: nenda ng'ambo, nchi yoyote utakayoikuta haina mfalme Mkristo, nimekupa, kaa, jenga. Ukipata dhahabu, fungu la tano nirudishie. Wengine walipewa upande wa Amerika nchi ambayo mfalme mwenyewe hakujua mwisho wake uko wapi. Alisema aliyeanza kutoa barua hizo kwa watu wa kwenda Amerika kukaa alikuwa malkia wa kale, ambaye hakuolewa mpaka akafa.

Hapo wanawake wakacheka.

"Hakuolewa?" mmoja akauliza. "Kwetu msichana asiyeolewa hata kaburi lake liko nje ya ua. Huyo alikuwa anagawa shamba la nani?"

"La watu wengine," mwalimu akasema.

"Na waliokuwa wanakaa kule, hawakuulizwa?"

"Barua ilisema hakuna mtu."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nafikiria gunda letu na magugu yake. Mtu akipita pale kwa farasi angeona nini? Angeona hakuna mtu.

Mwalimu akanishauri niiache karatasi nyumbani siku ya baraza la kugawa mashamba. "Waonyeshe makaburi. Wazee wakutetee. Hiyo karatasi itakufunga." Alinitakia mema, lakini kwenye baraza tuliapishwa kwa Biblia, na afisa wa ardhi akaniuliza mbele ya watu, "Mama, una karatasi yoyote ya mahali hapo?" Mimi sijui kuapa nusu. Nikaitoa.

Aliisoma. Alikuwa kijana wa kwetu, mwenye adabu.

"Hii inasema ni ardhi ya Mfalme."

"Mfalme amekwenda. Bendera tuliiona ikishuka."

"Amekwenda, Mama. Lakini vyake vyote vimekuwa vya serikali."

"Na yeye alivipata kwa nani?"

Akageuza ukurasa wa fomu yake. Mzee mmoja wa ukoo akasimama, akataja waliozikwa pale mmoja mmoja, vizazi vitatu. Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwenye fomu yake hakuna mahali pa kuandika gunda. Kuna ardhi yenye mtu na ardhi isiyo na mtu.

Basi niligawiwa kama mtu aliyetoka mbali. Wanangu walipata kipande ng'ambo ya kijito kinachopakana na gunda, kizuri tu, sitasema uongo. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alinisema njia nzima.

"Ungewaambia imeliwa na mchwa."

"Mchwa wa kwangu hawajui kutoa ushahidi wa uongo."

"Umetuuza kwa mdomo wako, nyar moko."

Hilo la nyar moko, binti wa watu wengine, ndilo lililoniuma, maana nilikuwa nimelima kwao miaka mingi kuliko yeye. Babake ndiye aliyetia kidole, na hakuwa mjinga. Alidanganywa.

Gunda lilipewa mtu na mkewe, Wakuria waliotoka karibu na mpaka wa Tanganyika. Msimu wa kwanza nilipokuwa nikipalilia, yule mwanamke alivuka kijito akanijia. Tulizungumza Kiswahili, chetu sote kibovu.

"Mama, kule kwangu kuna mawe matatu meusi, na mirundo ya udongo. Ni ya nini?"

"Mawe ni mafiga ya mama mkwe wangu. Mirundo ni yeye, na mumewe, na wengine."

Alisimama na jembe lake. Alikuwa na mimba, miguu imemvimba.

"Tuliambiwa hakuna mtu," akasema.

"Najua mliambiwa."

Alitoa karatasi yake kifuani akanipa, ingawa sikumwomba. Ilikuwa mpya, muhuri umekaa sawa. Nilisoma jina la mumewe polepole, herufi kwa herufi, nikamrudishia. Ningemchukia kwa lipi? Hakuiandika yeye. Nadhani hata wale wa merikebu, wengine walikuwa hivi, watu wa njaa walioshika barua ya mtu mkubwa.

Nikaweka jembe chini, nikavuka naye kwenda kumwonyesha makaburi yanapoanzia na yanapoishia, ili asilime juu yake kwa kutojua.